Idd njema kutoka Wete, na salamu za sayari yenye miezi miwili

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Kwa jamaa wote mlioko Unguja, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Maskat na kwengineko: Idd Mubarak. Taqabbala Llahu minna wa minkum. Mola azipokee funga zetu na visimamo vyetu, na awarehemu wetu waliotangulia kabla ya kuidiriki Idd hii. Mkono wa Idd nautoa kwa maandishi, maana wengi wenu bahari imetutenga.

Mwaka huu sikukuu imetukuta kaskazi ikiishia na masika yakianza kutia wingu. Mwaka 2014 ilituangukia mwisho wa Julai, upepo wa kusi na harufu ya karafuu mbichi kila uwanja. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo Idd inazunguka misimu yote na kurudi ilipoanzia baada ya miaka kama 33. Mtu akijaaliwa umri, anaila pilau ya Idd katika kila upepo.

Basi usiku wa kuutafuta mwezi tulikuwa barazani, macho magharibi, wingu limetanda, na simu hazitulii: umeonekana, haujaonekana, nani kauona, wapi. Hapo binti mmoja wa darasa la sita akauliza, "Ami, skuli tumeambiwa Mirihi ina miezi miwili. Watu wa huko wangefuata upi?"

Nikamwambia ukweli wake. Miezi ya Mirihi, Phobos na Deimos, aliigundua Mmarekani Asaph Hall mwaka 1877. Deimos ni mdogo na uko mbali, ukiwa kule utauona kama nyota tu. Phobos ndio wa vituko: unaizunguka Mirihi kwa saa 7 na dakika 39, ilhali sayari yenyewe inajizungusha kwa saa 24 na dakika 37. Mwezi unaikimbia siku, kwa hiyo unachomoza magharibi na kutua mashariki. Ramadhani ya Phobos ingeanza wakati wa daku ikaisha adhuhuri. Watoto waliipenda sana sheria hiyo, hasa wale wa funga za nusu siku.

Tangu hapo haikuwezekana kuwanyamazisha. Wakaamua kuunda sayari yao, jina Tumbe ya Juu, kwa sababu mmoja wao kwao ni Tumbe, huku huku Pemba, na ana sauti kubwa. Mimi niliweka sharti moja: kila kitu kiwe na sababu yake.

Kwanza walitaka mlima mrefu kuliko yote. Nikawapa habari za Olympus Mons wa Mirihi, volkano yenye kimo cha kilomita 22 hivi, karibu mara mbili na nusu ya Everest. Umefika huko kwa sababu ganda la Mirihi halihamihami kama la dunia. Moto wa chini umetoboa pale pale kwa mamilioni ya miaka. Tena mvutano wa Mirihi ni kama asilimia 38 ya wetu, mlima haujilemei. Lakini sayari ndogo hupoa upesi tumboni, kinga yake ya sumaku ikafa, na upepo wa jua ukaipukuta hewa. Hewa ya Mirihi leo haifiki hata asilimia 1 ya mgandamizo wa hewa yetu. Maji yalipita kule zamani, mabonde yake yapo, ila bahari hakuna.

Kwa hiyo chagueni, mlima au bahari? Hawakufikiri mara mbili. Sayari isiyo na pweza ya nini? Mlima ukakatwa, sayari ikakuzwa, bahari ikajaa. Nami nilifurahi, maana watoto wa Pemba wangechagua mlima ningeona haya.

Bahari ikaleta historia. Huku kwetu bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi vikivuta pamoja, na maji hupanda na kushuka kiasi cha mita 4. Katikati yake ndiyo maji mafu. Tumbe ya Juu ina miezi miwili, kwa hiyo ikipangana, bamvua linaingia mpaka majikoni. Mmoja ukivuta huku na mwengine ubavuni kwake, kwa pembe mraba, dau halielei. Watu wa pwani wakahesabu siku kwa mwezi mkubwa, kwa ajili ya uvuvi. Wa bara wakafuata mdogo unaokwenda mbio, kwa ajili ya magulio. Kalenda mbili, Idd mbili, na vizazi vizima vikakaa bila kualikana. (Msinitazame hivyo. Mambo ya mwezi wa hapa na mwezi wa kimataifa siyafungui leo, ni siku ya pilau.)

Suluhu waliitoa watoto wenyewe: Idd isiswaliwe mpaka miezi yote miwili ionekane jioni moja. Nikauliza, na wingu likitanda? Kimya. Kisha mdogo wao akasema, "Basi watafunga tu."

Mimi tangu usiku ule nimeutazama mwezi wetu kwa heshima zaidi. Ni mmoja, mkubwa wa kutosha kuonwa na bibi asiye na miwani, na unakwenda taratibu, siku 29 na nusu kutoka mwandamo hadi mwandamo, ukampa mtu nafasi ya kufunga, kuchoka, kuzoea na kuhuzunika kwamba Ramadhani inaondoka. Nisingeupunguza wala kuuongeza.

Sasa mlangoni kuna foleni, kila mtoto na kipochi chake, wanadai sikukuu yao kabla ya kwenda Tibirinzi kupanda bembea. Mlio mbali, zenu nitawatolea, tutahesabiana. Na Tumbe ya Juu bado ina bandari kubwa isiyo na jina. Mwenye jina alete, ila Konde na Micheweni yameshachukuliwa.

Idd njema.