Risala ya Kikundi cha Wakulima wa Bustani za Mjini kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi mlioko meza kuu, wanakikundi wenzangu, mabibi na mabwana.

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha bustanini kwetu. Tunajua ratiba yako imebana, na kuja kwako kumetupa moyo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia ya kugawana vishamba mjini ni ndefu, tutaigusia tu. Mwaka 1864 mjini Leipzig, Ujerumani, kiliundwa chama kilichoanza na uwanja wa michezo wa watoto. Pembeni watoto wakalimiwa vitalu, wazazi wakavichukua, zikawa bustani za familia. Uingereza nayo ilitunga sheria mwaka 1908 ya kuzitaka halmashauri ziwapatie wananchi viwanja vya kulima. Wakati wa Vita Kuu ya Pili vishamba hivyo vilisaidia kulisha miji.

Nasi tumepiga hatua kubwa. Tumenunua toroli jipya, tumejenga banda la zana, na njia ya katikati inapitika hata mvua ikinyesha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunalo ombi moja, nalo ni ardhi. Tunalima kwa kibali cha mwaka mmoja mmoja. Hivi karibuni tulifika asubuhi tukakuta vigingi vyenye rangi nyekundu vimepigwa katikati ya matuta ya karoti. Hadi leo hakuna aliyetueleza ni vya nini.

Tunakuomba uchote udongo wa hapa kiganjani. Ni mweusi, umejaa nyungunyungu. Sisi tulikuta vifusi na vipande vya chupa. Tumeujenga kwa mboji, ndoo kwa ndoo, miaka kumi na miwili. Tukihamishwa tutapewa kiwanja kingine, lakini udongo huu utabaki chini ya zege.

Wenzetu waliona hatari hii mapema. Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1925, ardhi iliyonunuliwa au kutengwa kwa bustani hizi haiuzwi na halmashauri bila idhini ya waziri. Iliyotolewa kwa muda tu haina kinga hiyo, na huko ndiko tuliko sisi.

Hii ni risala ya nne yenye ombi hili. Mgeni rasmi wa kwanza alituahidi barua kabla ya mwezi kwisha. Wa pili aliomba nakala za nyaraka, tukampa siku hiyohiyo. Wa tatu alisema suala liko kwenye mchakato. Tuliwapigia makofi wote watatu, na tungali tunasubiri.

Hatuombi fedha. Tunaomba eneo hili litengwe rasmi kwenye ramani ya mipango miji kuwa bustani, na kikundi kipewe mkataba wa muda mrefu.

Mchoro wa eneo, barua zetu zote na picha za vigingi vimo kwenye jalada la kijani lililo mbele yako. Tunakuomba uondoke nalo, na kwa unyenyekevu mkubwa, ututajie leo, wanachama wakisikia, tarehe ya kutuletea jibu.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi