Mwache mtoto ainamishe kichwa

Mwanaidi shoga yangu,

Salamu tele, na za Bi Mkubwa zimo humu humu, kasisitiza nisizisahau. Sisi wazima. Kimya changu utanisuta tukionana. Leo nina neno moja na haliniachi nilale.

Ile picha unayomchorea Shomari, ya baba yake na mwanawe. Mikono umeiweza. Kitambaa cha kiti umekiweza mno, natamani nikikalie. Lakini mbona wote wawili wananikodolea macho, meno nje? Nani hukaa hivyo nyumbani kwake?

Nimemkumbuka Henry Ossawa Tanner, yule mchoraji Mmarekani Mweusi aliyefundishwa na mchoraji mwenzake Thomas Eakins, kisha akahamia Paris mwaka 1891. Itafute picha yake ya 1893, ya mzee anayemfundisha mtoto kupiga banjo. Yenyewe iko makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia, ila hata kwenye simu utaona ninachosema. Mtoto yuko katikati ya magoti ya mzee, banjo imemzidi ukubwa, na mzee anamsaidia kuibeba. Hakuna anayetutazama. Macho yote yako kwenye vidole. Nyuma yao meza ina kitambaa cheupe, vyombo vya kupikia viko sakafuni, wala hakuna aliyehangaika kuviondoa kwa sababu ya wageni. Na wageni ndio sisi!

Halafu mwanga, Mwanaidi. Kushoto unaingia wa baridi, kulia unatoka wa moto, rangi ya dhahabu, na wao wako pale inapokutana. Wewe umemulika kila kona sawasawa kama duka la simu.

Shomari atasema asiyecheka ana huzuni. Mwambie enzi zile majukwaa ya Marekani yalijaa Wazungu waliojipaka masizi usoni, wakimwigiza mtu Mweusi na banjo yake, anakenua tu. Tanner akaichukua banjo hiyo hiyo, ambayo asili yake ni Afrika, akaitoa kwa wachekeshaji na kumpa babu na mjukuu. Mama yake mwenyewe alizaliwa utumwani. Mwaka 1894 picha ikapokewa kwenye maonyesho ya sanaa yaitwayo Salon, Paris.

Sisemi uige. Mtoto wa Shomari hapigi chochote ila kelele. Lakini lazima kuna kitu yeye na babu yake hukifanya mpaka wakasahau kama kuna watu. Uso utafichika kidogo, na hapo Shomari atanuna, maana anajua analipia uso. Anune.

Sasa nijibu. Rangi imeshakauka, au bado inafutika? Uliwakalisha mbele yako, au ulichorea picha ya simu? (Nahisi ya simu.) Mtoto asipojua anatazamwa, anashika nini, anaegemea wapi? Na Zuhura keshajifungua au mnanificha tu? Andika upesi, na vanishi usiiguse kwanza.

Wako,
Saumu