Risala ya Wakulima wa Mwani kwa Mgeni Rasmi, Micheweni, Pemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Sheha wetu, wazee, mama zetu na wanakikundi wote, Assalamu alaykum.

Kwanza tunamshukuru Mwenyezi Mungu kutukutanisha salama, na wewe mgeni rasmi tunakushukuru sana kwa kufika mwenyewe hadi huku kwetu, maana barabara umeiona, na wengine tuliowaalika waliishia Wete wakatuma mwakilishi.

Tumeambiwa kazi yako ni biashara na nchi za nje, kwa hiyo historia tutaipita mbio, ila ujue umekuja kwa watu wenye mazoea na nchi za mbali tokea zamani. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Zanzibar na Omani, aliwekeana mkataba na Marekani, mjumbe wao alikuwa Edmund Roberts, ushuru wa bidhaa zao ukapangwa asilimia 5, na 1837 balozi wao mdogo akaja kukaa Unguja. Wakaleta nguo ambayo mpaka leo tunaiita merikani, wakachukua pembe za ndovu, sandarusi (utomvu mgumu wa mti) na karafuu. Mwaka 1840 ndo meli yetu iliyoitwa Sultana ikaenda New York na mjumbe wetu Ahmad bin Naaman. Ile meli ilifika imechoka kwa safari, na wenyeji wakaiingiza kwenye karakana ya jeshi lao la majini wakaitengeneza bila kudai malipo, ikarudi nyumbani ikiwa nzima. Hili tunaomba ulishike.

Mwani nao ni mambo hayo hayo ya nchi na nchi. Mbegu ya biashara ilitoka Ufilipino, kilimo kikaanza Zanzibar 1989, na leo mwani wetu unakwenda Ulaya, Marekani na China, unatolewa ute wa kugandishia dawa ya meno, aisikrimu na vitu vingi.

Mafanikio yetu ni makubwa. Tulianza wanawake 9 na kamba za kuazima, sasa tuko 43, tuna vihori viwili, tumesomesha watoto, na sabuni yetu ya mwani ishafika soko la kimataifa, kwani mgeni mmoja wa Ujerumani alinunua vipande 12 akaenda navyo kwao.

Mheshimiwa, sasa tuje kwenye lililotufanya tukuite. Hatuna pa kukaushia wala pa kuwekea.

Tunashuka pwani maji yakipwa, tunafunga mbegu kwa taitai, vile vikamba vyembamba, moja moja, tumeinama masaa matatu manne na jua mgongoni, tunavuna, tunabeba kichwani unachuruzika maji ya chumvi mpaka machoni, na kilo saba nane za mbichi ukikausha unapata kilo moja tu. Tunauanika chini juu ya makuti. Mvua ikija usiku tunatoka na watoto na turubai moja iliyotoboka, tufunike upi tuache upi. Mwani ulionyeshewa unakuwa mweupe, unatoa ute, chumvi yake inaondoka. Masika iliyopita magunia 17 yaliharibika hivyo. Mnunuzi aliingiza mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, akautoa, akaunusa, akasema huu nchi za watu haupokelewi, akapanda gari. Mama mmoja hapa alikuwa na magunia 5 katika yale 17, ilikuwa ada ya mtoto wake. Na kipindi cha kaskazi maji yakipata moto kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, inakufa, tumebaki na spinosumu, aina yenye bei ndogo, kwa hiyo hiyo ndogo ikinyeshewa basi tena hatuna kitu.

Ombi letu ni moja, banda la kukaushia lenye paa la kupitisha jua na chanja za juu juu, pembeni ghala dogo la magunia. Kiwanja tunacho, wazee wametoa, karatasi ya Sheha ipo. Mawe, mchanga na nguvu za mikono tutatoa sisi. Tunachoomba ni mabati, saruji, mbao na fundi.

Tunasema kwa heshima kabisa, hili ombi si geni. Mgeni rasmi wa kwanza aliliandika kwenye daftari, tukampigia vigelegele. Wa pili alikuja na watu wenye futi, wakapima, wakachomeka vigingi vinne vimepakwa rangi nyekundu, tukaambiwa kabla ya mwezi wa Ramadhani mafundi watafika. Ramadhani tatu zishapita. Vigingi viko pale nyuma ya ule mnazi uliolala, viwili vishaoza, na hatukuving'oa kwa sababu tunaamini aliyeahidi ni serikali yetu na ahadi haijafa. Hatumsemi mtu vibaya. Lakini mama zetu wanatuuliza sisi viongozi, na majibu yametuishia.

Wenyeji wa New York waliona chombo cha mgeni kimechoka wakakitengeneza, na hawakuwa ndugu zetu. Wewe ni ndugu yetu, Mheshimiwa, na mwani huu ndo unaokupa cha kuzungumza ukenda kwenye mikutano ya biashara huko nje.

Masika inaingia Machi. Kabla hujapanda gari tunakuomba tutembee pamoja mpaka kwenye vile vigingi, ni hatua chache tu, na utuambie mbele ya wanakikundi ni mwezi gani.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi.