Msihesabu petali

Mhariri,

Wanafunzi wengi wa sanaa wanaoiga mchoro wa Claude Monet wa mwaka 1873, ule wa shamba la maua ya popi huko Argenteuil, Ufaransa, hukosea palepale: huchora kila ua na petali zake. Monet hakufanya hivyo. Maua ya mbele ni madoa makubwa mekundu, ya mbali ni vitone. Tofauti hiyo ndiyo inayoleta umbali. Mwanamke na mtoto wanaonekana mara mbili, juu ya mteremko na chini, hivyo jicho linashuka pamoja nao. Uzuri ulioje!

Pakeni majani kwanza, yakauke. Rangi ya mafuta hukauka polepole, hasa msimu wa mvua. Nyekundu ikikutana na kijani kibichi bado kimelowa, mnapata tope la kahawia. Tabaka za chini ziwe na mafuta kidogo kuliko za juu, la sivyo mchoro utapasuka. Turubai, yaani kitambaa cha kuchorea, isiyopakwa gundi huozeshwa na mafuta ya kitani yaliyomo kwenye rangi.

Popi msizitafute. Maua mekundu ya mti wa kifabakazi yaliyodondoka nyasini yanatosha.

Walimu wa uchoraji,
Kampala