Wachimbaji wa Kasese wanayo maneno ya Mwezini

Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliandika katika ukurasa huu kwamba hadithi za watu kuishi Mwezini ni starehe ya walioshiba, na kwamba mtoto wa Uganda apewe kwanza vitabu vya kilimo na afya. Nimefundisha Kiswahili katika shule za msingi za huku Kasese kwa miaka thelathini na mmoja, nikigawa kitabu kimoja kwa watoto sita, kwa hiyo uhaba anaousema naujua. Lakini kwa hili simuungi mkono, na sababu yangu ni baba yangu.

Baba ana miaka themanini na minne. Aliingia mgodi wa shaba wa Kilembe mwaka 1962, akafanya kazi chini ya ardhi miaka kumi na saba, mingi kati ya hiyo upande wa feni na milango ya hewa. Macho yake siku hizi hayasomi tena. Tangu Pasaka, kila jioni baada ya chai, namsomea riwaya ya Mmarekani Robert A. Heinlein, The Moon Is a Harsh Mistress, iliyotoka mwaka 1966, mwaka niliozaliwa. Kiingereza cha baba ni cha kuhesabia tu, basi namgeuzia kwa Kiswahili papo hapo. Ndicho Kiswahili alichokikuta mgodini, ambako Mkonzo, Mkiga, Mnyarwanda, Mlugbara na Mkongo walishuka katika shifti moja na hawakuwa na lugha nyingine ya kuambizana "kaa mbali na hapo".

Kisa chenyewe kinaanza mwaka 2075. Mwezi ni koloni: Dunia imewatupa huko wahalifu na wapinzani wa siasa, nao wamezaa watoto na wajukuu ambao hawana kosa lolote, ila miili yao imezoea wepesi wa Mwezi na haiwezi kurudi kuishi Duniani. Wanakaa ndani ya mwamba. Wanachimba barafu, na kwa maji yake wanalima ngano kwenye mahandaki chini ya taa, kisha ngano hiyo inarushwa Duniani kwa mtambo mrefu wa sumaku, ambao mimi niliuita manati na baba akaelewa mara moja. Msimulizi ni fundi wa kompyuta aitwaye Manuel, ambaye zamani alichimba barafu akapoteza mkono kazini. Nilipofika hapo kwenye mkono, baba aliniashiria nisimame. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Aliyeandika hiki alikaa na wachimbaji akawasikiliza."

Kuna mahali nilikwama: ule mlango wenye chumba katikati, ambao upande mmoja haufunguliwi mpaka wa pili ufungwe, hewa isitoroke. Nilikuwa natafuta neno na silipati. Baba akaniambia, "Mwanangu, hiyo ni milango ya feni. Unaingia, unafunga nyuma yako, ndipo unafungua ya mbele. Ukiiacha wazi yote miwili, hewa inakimbilia njia fupi, na wenzako walio mbele wanabaki na joto na moshi wa baruti." Nikaandika kwenye daftari: milango ya feni. Kesho yake akanipa "kutundika namba", yaani kila mtu anaposhuka kutundika kipande chake cha bati ubaoni, ili shifti ikiisha na namba moja imebaki, ijulikane nani hajatoka. Akanipa tofauti ya mwamba unaoitika na mwamba mtupu: unagonga dari kwa mtaimbo kabla ya kusimama chini yake, na sauti ndiyo inakuambia kama jiwe limeshika au limeachia. Watu wa Mwezini watahitaji maneno haya yote kabla hawajahitaji neno la roketi.

Mahali palipomshika baba kuliko pote ni hesabu ya maji. Katika riwaya, profesa mmoja mzee anawaeleza wenzake kwamba kila shehena ya ngano inayoshuka Duniani imebeba maji na rutuba ya Mwezi, na hakuna kinachorudi. Kompyuta inapiga hesabu na kuonyesha kwamba haitapita hata miaka kumi kabla ya njaa. Anachodai ni tani kwa tani: mkichukua ngano tani moja, rudisheni tani moja ya kitu kitakachorudi shambani. Nilidhani ningelazimika kulieleza jambo hili mara mbili. Baba akasema tu, "Maganda hayarudi." Alikuwa anafikiria matoke. Tukimenya nyumbani, maganda yanarudi chini ya migomba, na shamba linaendelea kula. Lori likishapeleka mikungu Kampala, maganda yanaishia jalalani huko, na shamba la huku linadhoofika mwaka hadi mwaka. Halafu akaitaja shaba, iliyosafirishwa kwa reli hadi Jinja kuyeyushwa, kisha Mombasa, melini. Huku lilibaki shimo.

Sasa niambie, ndugu msomaji, kama hicho si kitabu cha kilimo.

Kina kasoro, na sitazificha. Mambo ya ndoa, ambamo mke mmoja ana waume kadhaa, mzee aliyasikiliza kwa heshima lakini hakuyakubali. Kasoro kubwa zaidi ni vumbi. Heinlein aliandika kabla binadamu hajakanyaga Mwezi, na hakujua kero ya vumbi lake. Wale Wamarekani kumi na wawili waliotembea kule kati ya 1969 na 1972 walirudi na habari zake: ni kali kama vioo vilivyosagwa, kwa kuwa hakuna upepo wala maji ya kulisugua likalainika, linang'ang'ania nguo na kula viungo vya mavazi. Baba alipoyasikia haya aliuliza swali ambalo sijaliona katika kitabu chochote. Mgodini mashine ya kutoboa mwamba ilipitishiwa maji ili vumbi lisipande mapafuni. Kule ambako maji yenyewe ndiyo mali, watatobolea nini?

Wala maji hayo si ya kitabuni tu. Mwaka 2009 Wamarekani waligongesha chombo kwenye kreta ya Cabeus, karibu na ncha ya kusini ya Mwezi, ambako jua halifiki, na katika kilichorushwa juu wakakuta maji. Agosti 2023 India ilitua jirani na ncha hiyohiyo. Mkataba wa mwaka 1967 unakataza nchi yoyote kujimilikisha Mwezi, lakini hautamki wazi lolote kuhusu anayechimba na kuondoka na alichochimba. Sisi tunaokaa chini ya Ruwenzori, ambayo wanajiografia wa kale waliiita Milima ya Mwezi, tumeona barafu ya kileleni ikiisha: mwaka 1906 ilifunika karibu kilomita za mraba sita na nusu, leo haifiki hata moja. Hatuhitaji kufundishwa kwamba barafu ni akiba inayokwisha. Watu wetu wanastahili kuwemo katika mazungumzo hayo, na mtu huingia katika mazungumzo akiwa na maneno.

Baraza la mawaziri lilipitisha mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Vizuri sana. Basi wachapishaji wetu wa Kampala na Nairobi waombe haki za kukitafsiri kitabu hiki, maana kina wenyewe na mimi siwezi kukitoa kwa mkono wangu. Na wewe Mhariri, nakuomba nusu ukurasa kwa wiki kwa ajili ya hadithi za Mwezini zilizoandikwa na watu wetu kwa Kiswahili. Wanafunzi wangu wa darasa la saba tayari wameandika nne. Moja inahusu msichana anayelinda milango ya feni.

Lipo na ombi la haraka zaidi. Daftari langu lina maneno hamsini na mawili, na wengi waliokuwa shifti moja na baba wameshazikwa. Waliobaki, popote mlipo, Kasese, Fort Portal, Kabale, Arua au ng'ambo ya mpaka, niandikieni kupitia gazeti hili. Baba analitafuta neno mlilotumia kwa ule upepo mwembamba unaohisiwa usoni feni inapowashwa tena baada ya umeme kukatika. Anasema lilikuwepo, na kila mtu alilisema. Yeye limempotea.

Mwalimu wa Kiswahili,
Kasese