Vanadi si metali adimu

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika katika ukurasa huu kwamba vanadi iliyomo katika chuma cha Liganga ni mali kwa sababu ni "metali adimu". Kwamba ni mali sibishi; neno "adimu" ndilo ninalolikataa.

Katika kila tani ya miamba ya ganda la dunia mna, kwa wastani, takriban gramu 120 za vanadi, nayo shaba, ambayo hakuna anayeiita adimu, haifikii kiasi hicho. Shida ya vanadi ni kwamba ni nadra kukaa peke yake. Chembe zake hukaribiana kwa ukubwa na chembe za chuma, hivyo hujipenyeza katika mawe ya chuma yenye sumaku, kama ilivyo huko Liganga, wilayani Ludewa, ambako imechanganyika pia na metali nyingine, titani. China, inayoongoza kwa kuizalisha, huipata zaidi viwandani mwake mwa chuma: oksijeni hupulizwa ndani ya chuma kilichoyeyuka, na vanadi ikahamia kwenye mavi ya chuma, yaani uchafu unaojitenga na chuma kilichoyeyuka (jina lisilopendeza, lakini ndilo tulilonalo), kisha ikachujwa humo.

Mimi nilijuana nayo melini, nilikokuwa fundi mitambo kabla ya kustaafu. Mafuta mazito ya meli huwa na vanadi iliyotoka ardhini pamoja na mafuta ghafi, na cheti cha mafuta hayo hutaja kiasi chake. Metali yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 1910 za Selsiasi, lakini ikishaungua, oksidi yake huyeyuka chini ya nyuzi 700, ikagandamana na vali za kutolea moshi na kuzila taratibu. Ajabu ni kwamba spana niliyofungulia vali hizo ilikuwa ya chuma chenye kromi na vanadi, kwani vanadi kidogo tu, pengine chini ya asilimia 1, hukifanya chuma kiwe imara zaidi na kisichakae upesi.

Rangi zake nazo ndizo zilizomfanya mkemia Sefström wa Uswidi, mwaka 1830, aipe jina la mungu wa kike wa uzuri wa Waskandinavia. Buluu ya tanzanaiti ya Mererani hutokana nayo, na hapa mkoani kwetu Tanga imo katika baadhi ya yakuti za bonde la Umba, zile zinazobadilika rangi zikitolewa juani na kuwekwa penye taa.

Kwa hiyo, Mhariri, waandishi wako wakienda Liganga wasiulize vanadi ni adimu kiasi gani. Waulize ni tanuri la aina gani litakalotumika, maana titani ikizidi, mavi ya chuma huwa mazito kama uji uliolala, na tanuri la kawaida huziba.

Fundi mitambo mstaafu,
Chumbageni, Tanga