Shukrani kwa mzee wa ufuo wa Santispac

Napenda kutoa shukrani zangu za dhati kwa mzee mmoja, ambaye jina lake sikulipata, aliyetupokea mimi na mke wangu katika ufuo wa Santispac, kusini mwa mji wa Mulegé nchini Meksiko, tulipofika na gari letu la kulala. Kabla hatujashusha hata viti, alitueleza kwa ishara kwamba majira ya baridi upepo wa kaskazini huvuma kwa nguvu katika Ghuba ya California, kisha akatuelekeza kuligeuza gari ili mlango uwe upande uliokingika, na akaingiza mbao chini ya magurudumu mpaka likakaa sawa. (Aliyewahi kulala juu ya kitanda kilichoinama atanielewa.) Kwa hisani yake tulishinda chini ya kibanda cha makuti, tukiwatazama ndege aina ya wari wakijitupa majini kuvua samaki katika hori tulivu ya Concepción, bila kazi nyingine ila kuchemsha kahawa. Fedha alizikataa, alikubali kikombe kimoja tu. Mzee wetu, popote ulipo, tunakushukuru sana, na Mungu akujalie afya njema.